Mtandao Unasingiziwa

Faili likifika bovu hapa Dar es Salaam, hukumu hutoka kabla shahidi hajaitwa: mtandao unasumbua. Picha imefunguka nusu, zip imegoma, PDF imeleta kurasa nyeupe, na lawama zinakwenda kwenye bando, kwenye mnara, kwenye mvua ya jana usiku. Mtumaji anaambiwa atume tena, bando linaungua tena, na faili linafika likiwa bovu vilevile. Nimefanya kazi ya seva muda wa kutosha kulisema hili bila kusita: katika visa vingi vya namna hii nilivyovishika mwenyewe, mtandao ulileta kile ulichopewa. Aliyeharibu ni programu ya kuhamishia mafaili, na iliharibu kwa nia ya kusaidia.

Mtandao mbovu una tabia zake, na ukizijua hutausingizia. Unachelewesha. Unakata. Unakuachia faili fupi, lakini kile kipande kilichofika huwa ni sahihi mpaka pale kilipokatikia. Jambo gumu kwake ni kubadilisha kimyakimya baiti za katikati, zile namba ndogondogo zinazounda faili, kwa sababu kila pakiti ya TCP, yaani kifurushi kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni, hubeba namba ya ukaguzi, na chini yake kila fremu ya Ethernet au Wi-Fi ina namba yake nyingine ya biti 32. Pakiti yenye kasoro hutupwa, na isiyothibitishwa hutumwa upya. Ukaguzi huo si kamilifu, ila unatosha kukufanya umtafute mtuhumiwa mwingine kwanza. Halafu kuna dalili ambayo naiamini kuliko zote: mtandao haurudii kosa lilelile mahali palepale. Faili likitumwa mara mbili na likaharibika mara zote mbili kwa namna moja, baiti kwa baiti, jua kuna kanuni inayofuatwa, na anayefuata kanuni ni programu.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Abhay Bhushan wa MIT alipoandika pendekezo la kwanza la FTP, utaratibu wa kuhamisha mafaili kati ya kompyuta, Aprili 1971, kompyuta zilizounganishwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, hazikufanana hata katika mambo ya msingi. Nyingine zilipanga kumbukumbu kwa mafungu ya biti 36. Za IBM ziliandika herufi kwa EBCDIC, siyo ASCII, mifumo miwili tofauti ya kuzipa herufi namba. Barua ikihamishwa kama ilivyo kutoka mashine moja kwenda nyingine, ingefika haisomeki. Ilikuwa busara, basi, kuweka utaratibu wa kugeuza maandishi njiani: mtumaji anayaweka katika muundo wa pamoja, mpokeaji anayaweka katika muundo wa kwake. RFC 959 ya Oktoba 1985, ya Jon Postel na Joyce Reynolds, ndiyo hati ambayo FTP inasimama juu yake mpaka leo, na humo modi ya maandishi ndiyo chaguo la msingi. Usiposema kitu, unahesabiwa umetuma maandishi. Modi ya bainari, ile inayohamisha kila baiti kama ilivyo, lazima uiombe.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mwaka 1971 mtu aliyetuma faili alikuwa na uwezekano mkubwa wa kutuma maandishi. Leo tunatuma picha, video, hifadhidata zilizobanwa na PDF, na bado lile chaguo la msingi limebaki kwenye hati.

Ugomvi uliosalia kati ya mashine za sasa ni mdogo sana ukiutazama: mstari unaishaje? Teletype za zamani, mashine zilizochapa ujumbe uliokuja kwa waya, zilihitaji amri mbili kumaliza mstari. Ya kwanza, namba 13, ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari. Ya pili, namba 10, ilisogeza karatasi juu kwa mstari mmoja. Mifumo ya kuendeshea kompyuta ya Unix, na Linux baada yake, ikabaki na 10 peke yake. DOS na Windows zikashika zote mbili, 13 ikifuatwa na 10. Mac za kabla ya Mac OS X zilitumia 13 tu. Katika modi ya maandishi, FTP husafirisha mwisho wa mstari kama 13 na 10. Seva ya Linux ikipokea, huiondoa ile 13. Faili likitoka Linux kwenda Windows, kila 10 huwekewa 13 kabla yake.

Ni kama karani wa stesheneri uliyempa barua ya mkono aichape: akipanga upya mistari, barua ni ileile, lakini huwezi kumpa picha ya pasipoti aichape. Ndani ya picha namba 10 si mwisho wa mstari wowote. Ni rangi, au kipande cha hesabu ya kubana, na ukiigusa unagusa kila kinachoifuata.

Niliona hili kwa karibu kwenye duka moja la uchapaji Kariakoo, ghorofani, msimu wa harusi ukiwa umepamba moto. Chini ya meza kulikuwa na seva ndogo ya Linux ambamo wabunifu walikuwa wanaweka kazi zao kwa FTP, kwa sababu WhatsApp hubana picha usipoituma kama dokumenti, na picha iliyobanwa ikichapwa kubwa inaonyesha aibu. Kadi ya sendofu ilikuwa imeletwa na mbunifu wa Tabata. Picha ya bibi harusi, JPEG ya karibu megabaiti tano. Kwenye skrini, ukanda mwembamba wa juu ulikuwa safi, mti na kipande cha anga. Chini yake kila kitu kilikuwa kimesogea upande, uso ukiwa wa zambarau, na robo ya chini ilikuwa kijivu kitupu.

"Kaka, mtandao wa Tabata huo," akaniambia kijana wa mashine. "Nimemwambia arudie, amerudia, hivyo hivyo."

Nikamwomba afungue zote mbili, ya kwanza na ya pili, kandokando. Zilikuwa zimeharibika kwenye mstari uleule. Nikaangalia ukubwa: sawasawa, mpaka baiti ya mwisho. Mama mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yetu, simu mkononi, upande wa pili wa simu akiwa shangazi wa bibi harusi. Nikaomba namba ya mbunifu.

"Kaka, habari za kazi. Samahani, bonyeza kulia kwenye hiyo picha, ingia Properties. Unisomee saizi, lakini siyo megabaiti. Ile namba ndefu iliyo kwenye mabano."

"Hii ya chini?"

"Hapana, ya chini ni nafasi iliyokaliwa kwenye diski. Ya juu yake."

Akaisoma tarakimu kwa tarakimu. Faili lililokuwa mezani kwetu lilikuwa pungufu kwa baiti themanini na kidogo. Hapo sikuhitaji kuuliza kingine zaidi ya programu anayotumia. Alikuwa anatumia ile ftp ya kuandika amri inayokuja na Windows, kupitia orodha ya amri aliyoandikiwa na mtu zamani, na programu hiyo huanza kwenye modi ya maandishi. Tukaongeza mstari mmoja, `binary`, juu ya ule wa `put`, amri ya kutuma. Seva ikajibu kwamba aina imewekwa I, yaani bainari. Faili likaja, ukubwa ukalingana, na bibi harusi akawa na uso wake. Mama akamwambia shangazi mtu, "Njoo kesho mchana mama, kadi zipo."

Kwa nini themanini na kidogo, na siyo elfu au milioni? Hii ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na haidanganyi. Baiti moja ina thamani 256. Katika faili lililobanwa vizuri, kila thamani hutokea karibu sawa na nyingine, kwa hiyo namba 10 huonekana takriban mara moja katika kila baiti 256. Lakini 13 ikifuatwa papo hapo na 10 ni jambo adimu zaidi: 256 mara 256, yaani mara moja katika kila baiti 65,536. Faili la baiti milioni tano na laki mbili likipanda kutoka Windows kwenda Linux kwa modi ya maandishi, litapoteza takriban baiti 80. Likienda upande mwingine, kutoka Linux kwenda Windows, kila 10 inaongezewa mwenzake, na faili hilohilo litanenepa kwa baiti zaidi ya 20,000.

Kwa hiyo ukubwa peke yake unakusimulia habari nzima. Limepungua kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya elfu sitini na tano: modi ya maandishi, Windows kwenda Linux. Limeongezeka kwa karibu asilimia 0.4: modi ya maandishi, Linux kwenda Windows. Limepungua kwa nusu au robo: hapo sawa, mtandao ulikatika au diski ilijaa. Limelingana kabisa na bado halifunguki: acha kumsumbua mtumaji, tazama programu unayofungulia, au lilikuwa bovu tangu kwake. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini JPEG ndogo ya kilobaiti 20 huvuka salama mara nyingi wakati picha kubwa inakufa: ndani ya baiti 20,000 huenda ile jozi ya 13 na 10 haimo kabisa. Mtu akiona ndogo zinapita na kubwa zinaharibika, anahitimisha kwamba mtandao hauwezi mizigo mikubwa. Hitimisho linaeleweka, ila si kweli.

Waliobuni miundo ya mafaili walilijua tatizo hili na wakaweka mitego. Tazama baiti nane za mwanzo za kila faili la PNG: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Ile 137 iko juu ya 127, kwa hiyo njia yoyote inayokata biti ya nane itaibadilisha na kujifichua. 80, 78 na 71 ni herufi P, N, G. Kisha 13 na 10 pamoja: modi ya maandishi ikila 13, saini imevunjika. 26 ilikuwa alama ya mwisho wa faili katika DOS, ili mtu akijaribu kulisoma faili kama maandishi kwenye DOS skrini isijae vurugu. Na 10 ya mwisho imesimama peke yake, inangoja yule anayeongeza 13. Baiti nane tu, na ndani yake karibu kila uharibifu wa njiani una mtego wake. Kila nikiifungua kwa `xxd`, amri inayoonyesha baiti za faili, huwa nawaheshimu sana watu hao. PDF nayo ina ujanja wake: mstari wa pili wa faili huwa ni maoni yenye baiti zisizopungua nne zilizo juu ya 127, zilizowekwa pale ili programu ya kuhamisha inayokagua mwanzo wa faili itambue kwamba haya si maandishi ya kawaida.

Kinachowachanganya zaidi watu ni kwamba tabia hubadilika kati ya ofisi na ofisi. FileZilla, programu ya FTP ambayo wengi wetu tunatumia, huja ikiwa kwenye modi ya kujiamulia: inatazama kiambishi cha jina la faili, kama ni txt, php au html inatumia maandishi, na lisilo na kiambishi nalo huhesabiwa ni maandishi. Ukibadilisha jina la nakala ya hifadhidata iliyobanwa, ukaliita `backup` bila chochote mwishoni, umeikabidhi kwenye modi ya maandishi kwa mkono wako. Kwa upande wa seva, vsftpd, programu ya FTP ya kupokelea, ikiachwa ilivyo hujifanya inakubali modi ya maandishi lakini inapuuza na kuhamisha bainari. Basi mtu mmoja, kompyuta moja, faili moja: akituma kwa mteja wa Posta linafika zima, akituma kwa mteja wa Mwenge linafika bovu. Utamlaumuje asiseme ni mtandao?

Ushauri wangu ni wa moja kwa moja. Weka programu yako ya FTP kwenye bainari na uiache humo milele, hata kwa maandishi. Kwenye FileZilla ni menyu ya uhamishaji, sehemu ya aina. Kama seva inakubali SFTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, tumia hiyo: ile ya OpenSSH, iliyozoeleka kwenye seva za Linux, haina modi ya maandishi katika itifaki yake, na pia haipeleki nywila yako wazi kama FTP inavyofanya. Angalia tu WinSCP, programu ya SFTP ya Windows, kwa sababu yenyewe inaweza kugeuza maandishi upande wa kompyuta yako ukiiruhusu.

Najua mtu atauliza: na maandishi yakifika na 13 zake kwenye Linux je? Yatafika nazo, ndiyo. Kwa html na php haina madhara. Kwa skripti, yaani mafaili ya amri za kuendeshwa, madhara yapo, na ujumbe wa kosa unapotosha vibaya. Umeandika skripti kwenye Windows, mstari wa kwanza ni `#!/bin/bash`, umeipandisha, umeipa ruhusa, unaiendesha, na mara nyingi mashine inakuambia hakuna faili wala saraka ya jina hilo. Faili liko mbele ya macho yako. Unaliona kwa `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili. Nimemwona kijana akiifuta skripti na kuipandisha upya jioni nzima kwa sababu ya ujumbe huo. Kisichokuwepo si skripti yake, ni mkalimani, ile programu inayotakiwa kuisoma: Linux imeusoma mstari ule mpaka 10, kwa hiyo inatafuta programu inayoitwa `bash` ikiwa na 13 imebandikwa mwishoni, na programu ya jina hilo haipo popote. Endesha `cat -A` kwenye skripti, utaona `^M$` mwisho wa kila mstari badala ya `$` peke yake; `^M` ndiyo ile 13. Amri `file` nayo itakutajia CRLF, yaani 13 na 10. Kisha `dos2unix`, amri ya kuziondoa hizo 13, na jina la skripti, imekwisha. Tofauti na FTP, hapa umeamua mwenyewe, kwa faili ulilolitaja, na `dos2unix` huruka mafaili ya bainari isipolazimishwa.

Wanaotumia Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi za waandika programu, wana sura nyingine ya jambo hilohilo. Kwenye Windows huulizwa wakati wa kusakinisha kama Git igeuze miisho ya mistari, na wengi hubonyeza endelea bila kusoma. Weka faili la `.gitattributes` kwenye mradi, taja kwamba png na pdf ni bainari na sh, zile skripti, ibaki na 10 tu, na mzozo kati ya wenye Windows na wenye Linux kwenye timu utakwisha.

Kwa mafaili yenye uzito, mishahara, matokeo, nakala za hifadhidata, ukubwa pekee hautoshi. Mtumaji aendeshe `certutil -hashfile jina SHA256` kwenye Windows, mpokeaji aendeshe `sha256sum` kwenye Linux, kila mmoja apate mfululizo wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutoka kwenye faili zima, kisha wailinganishe kwa simu au kwa ujumbe. Ikilingana, hakuna mtu aliyeligusa faili njiani. Inachukua dakika chache kwa faili kubwa, na kwa faili la mishahara ya watu sioni sababu ya kuzionea choyo.

Limebaki swali ninaloulizwa na waliochelewa: lililoharibika linafufuka? Inategemea lilielekea wapi. Likitoka Linux kwenda Windows, kila 10 iliongezewa 13 kabla yake bila kuchagua, hata pale ambapo 13 ilikuwepo tayari. Hivyo ukiondoa 13 moja kabla ya kila 10, na moja tu, unarudi kwenye faili la awali kamili. `dos2unix -f` kwenye nakala, kisha linganisha ukubwa na ule wa kwenye seva, kisha ulijaribu kwa `unzip -t` kama ni zip. Programu chache huruka pale palipokuwa na 13 tayari, na hizo hazirudishiki kirahisi hivyo, lakini ukubwa usipolingana utajua papo hapo.

Likitoka Windows kwenda Linux hali ni ngumu, kwa sababu 13 zimeondolewa na hazikuacha alama. Kila 10 iliyobaki huenda ilikuwa na mwenzake, huenda haikuwa naye. Zip ya kilobaiti 60 iliyopoteza baiti moja bado ina tumaini: ndani yake kuna 10 kama 240, na zip hubeba namba ya ukaguzi ya CRC-32 kwa kila faili lililomo, kwa hiyo skripti fupi inaweza kujaribu kurudisha 13 kila mahali kwa zamu mpaka namba ikubali. Zikipotea mbili, ni majaribio yasiyofika 30,000, nayo kompyuta ya kawaida inayamaliza. Zikipotea themanini kati ya maelfu ya 10, hakuna mashine itakayoyamaliza. Mpigie mtumaji asilifute faili asili kwenye flashi yake, mwambie aandike `binary`, na alitume upya.